Mji Mdogo, Ahadi Kubwa, na Mwisho Usiosemwa



Ndugu msomaji, majuma machache yaliyopita tulifikiwa na msomaji wa ukurasa huu, dada mmoja mwalimu, mkononi ameshika riwaya nene iliyochakaa jalada. Alituambia kwamba aliimaliza usiku, akaifunga kwa hasira, kisha akaamka kuitazama tena akidhani pengine kurasa za mwisho zimenyofoka. Hazikunyofoka. Akatuomba tuisome, kisha tumwambie kama kosa ni la mwandishi au ni lake yeye. Tuliichukua kwa kusitasita, kwa kuwa ni riwaya ya mapenzi, na mezani kwetu palikuwa na mihtasari miwili ya vikao isiyokamilika. Tulipoimaliza, nasi pia tulizihesabu zile kurasa za mwisho.

Riwaya yenyewe ni Villette ya Charlotte Brontë, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1816. Wengi wetu tuliopita sekondari tumemsikia kwa sababu ya Jane Eyre, kitabu chake cha mwaka 1847. Villette ilitoka mwanzoni mwa mwaka 1853, kwa juzuu tatu, chini ya jina la kujificha la Currer Bell. Neno lenyewe ni la Kifaransa, na maana yake ni mji mdogo. Nchi ya kubuni ambamo mji huo umo ameiita Labassecour, yaani uwanja wa kufugia kuku. Nyuma ya kejeli hiyo umesimama mji wa Brussels nchini Ubelgiji, ambako Charlotte aliishi kati ya mwaka 1842 na 1844, kwanza akiwa mwanafunzi na baadaye mwalimu, katika shule ya wasichana ya mke na mume, Bibi na Bwana Heger.

Kwa ufupi, hiki ni kisa cha mapenzi ya mahali pa kazi. Lucy Snowe, binti wa Kiingereza asiye na baba, mama wala mali, anavuka bahari na kuingia mji asioujua. Sanduku lake limepotea, ni usiku, lugha ya wenyeji haijui, na bila kukusudia anajikuta mlangoni kwa shule ya wasichana ya Bibi Beck. Mwenye shule anamwita jamaa yake, Bwana Paul Emanuel, mwalimu wa fasihi, amtazame uso mgeni huyu na kutoa hukumu. Bwana Paul anatazama, anasema aajiriwe. Lucy anaanza kwa kulea watoto wa Bibi Beck, kisha anapandishwa darasa kufundisha Kiingereza. Hivyo basi, mtu atakayempenda baadaye ndiye aliyekuwa, kwa namna fulani, mwajiri wake.

Sasa tuyataje yale yanayomchosha msomaji, moja baada ya jingine, kwa uadilifu.

La kwanza ni kwamba msimulizi anatuficha mambo. Lucy ndiye anayetusimulia kila kitu, nasi tumempa amana ya masikio yetu. Mapema kitabuni familia yake inapatwa na msiba mkubwa, lakini hatuambiwi ni msiba gani. Anatupa mfano wa chombo kilichozama, akaendelea na safari yake. Baadaye anakutana na daktari kijana wa Kiingereza, Dr John, anayekuja kuwatibu watoto wa Bibi Beck. Sura kwa sura tunamsoma daktari huyo kama mgeni. Kumbe Lucy alikwisha kumtambua zamani kwamba ni Graham, mtoto wa mama yake wa ubatizo, aliyekaa naye nyumba moja utotoni! Alijua, akanyamaza, wala hakutuomba radhi. Dada yetu mwalimu alisema hapo ndipo alipotaka kukirusha kitabu ukutani, na hatukuweza kumlaumu.

La pili ni sadfa. Mji ni mgeni, bahari imevukwa, lakini kila anayeonekana ni mtu wa nyumbani. Daktari ni Graham. Msichana mdogo wa zamani, Polly, anatokea tena akiwa binti aliyekua, na ndiye anayeolewa na daktari. Msichana aliyekutana na Lucy melini ni mwanafunzi wa shule ileile. Msomaji anaanza kujiuliza kama mji huu una wakazi zaidi ya kumi.

La tatu ni lugha. Mwandishi ameacha mazungumzo mengi katika Kifaransa, hasa pale ambapo Bwana Paul anaghadhibika, na kwa kuwa Bwana Paul hughadhibika mara nyingi, asiyekijua Kifaransa hukosa nusu ya ugomvi. Nasi hatukijui. Tulilazimika kubisha hodi kwa mzee mmoja wa mtaani aliyewahi kufanya kazi Bujumbura, naye alicheka mwenyewe kwa muda kabla ya kutueleza.

La nne ni huyo mpenzi mwenyewe. Bwana Paul ni mfupi, ana hasira za haraka, na hupenda kutawala. Amekodi chumba katika chuo cha wavulana cha jirani, dirisha lake likiangalia bustani ya shule ya wasichana, na humo hukaa akiwachunguza walimu na wanafunzi wakipita. Hufungua dawati la Lucy wakati yeye hayupo. Ni kweli kwamba humwachia vitabu, na harufu ya sigara yake ndiyo humtoa siri, lakini dawati la mtu ni dawati la mtu. Bibi Beck naye si haba: usiku ule wa kwanza Lucy amelala, yeye anapekua mavazi yake na kuchukua alama ya funguo zake kwa nta. Hutembea kwa viatu visivyotoa sauti. Shule nzima ni jicho.

Na la tano, ambalo ndilo kubwa, ni mwisho. Tutaueleza, kwa kuwa hauwezi kuharibiwa na mwenye kuusimulia. Mwandishi mwenyewe amekwisha kuuacha wazi. Bwana Paul na Lucy hatimaye wanaelewana. Lakini wako watu watatu wasiotaka ndoa hiyo: Bibi Beck, Padri Silas, na ajuza mmoja tajiri, Bibi Walravens. Sababu zao ni dhehebu la Lucy, fedha, na husuda. Wanampeleka Bwana Paul Guadeloupe, kisiwa cha mbali, akasimamie shamba la yule ajuza kwa miaka mitatu. Kabla ya kuondoka anamkodishia Lucy nyumba ndogo, anaiweka madawati na ubao, anamkabidhi funguo: hii ni shule yako, fanya kazi, unisubiri. Miaka mitatu inapita. Barua zinakuja kwa kila meli. Mwaka wa kurejea unafika, meli imekwisha ng'oa nanga, na ndipo dhoruba inavuma baharini siku saba. Merikebu zinavunjika. Je, Bwana Paul amefika? Lucy hasemi. Anatuambia tu kwamba wenye mioyo ya matumaini waachiwe matumaini yao, kisha anatupa habari za wale maadui watatu, kwamba waliendelea vizuri, na yule ajuza akafikisha miaka tisini. Kitabu kimekwisha.

Ndugu msomaji, sisi kazi yetu ni kuandika kumbukumbu za vikao. Tumezoea kwamba kila ajenda huishia na azimio: limekubaliwa, limekataliwa, au nani atafuatilia na lini. Riwaya isiyo na azimio inatuwasha mkono. Tulijikuta tunataka kuandika pembeni: “Suala la Bwana Paul: mhusika alete taarifa.”

Hata hivyo baada ya hasira kupoa tulirudi nyuma kuuliza ni lipi katika haya ni kosa na lipi ni kusudi. La sadfa tunaliita kosa. Kila mwandishi wa zama zile alilitenda, lakini wingi wa wakosaji hauligeuzi kosa kuwa sawa. La Kifaransa ni ubahili kwa msomaji. Lakini la kuficha tumelibadilishia hukumu. Lucy ni mwanamke ambaye katika nyumba anamoishi barua zake husomwa, funguo zake hunakiliwa, na bustani hutazamwa kutoka dirishani. Mtu wa namna hiyo hujifunza kufunga kila kitu. Barua za daktari, ambazo zilimliwaza kwa muda, anazitia katika chupa, anaiziba, na kuizika penye shina la mpea wa zamani bustanini. Mtu anayezika barua chini ya mti tutashangaa vipi akituficha jina la daktari? Hakutuficha kwa hila. Hakuwa amezoea kumwambia yeyote.

Kuhusu Bwana Paul, hatutaki kumtetea kwa upekuzi wake. Ila kuna tukio moja ambalo tungependa kila kijana wa kiume alisome. Ni siku yake ya heshima, walimu wote wanampa maua, naye anapokea moja moja. Lucy amekaa kimya bila ua. Bwana Paul anauliza mara tatu mbele ya wote kama hayo ndiyo yote. Lucy hajibu. Bwana Paul anapandwa na ghadhabu, anawatukana wanawake wa Kiingereza wote kwa jumla. Kumbe dawatini mwa Lucy mna kijisanduku, na ndani yake mkufu wa saa aliomsukia kwa mikono yake siku nyingi. Alishindwa kuutoa mbele ya watu, na alipotukanwa akakataa kuutoa kabisa hadi jioni walipozungumza kwa upole. Ni nani miongoni mwetu, aliye ndani ya ndoa, asiyeijua siku ya namna hiyo? Zawadi ipo, mapenzi yapo, ila mmoja anadai hadharani na mwingine ananyamaza kwa kiburi, na jua linakuchwa.

Sasa tuje kwenye mwisho. Elizabeth Gaskell, aliyeandika maisha ya Charlotte mwaka 1857, anaeleza kwamba baba yake Charlotte, Patrick Brontë, hakupenda hadithi zinazoacha huzuni, na alimtaka binti yake awape wapenzi hawa mwisho mwema. Charlotte alikuwa amekwisha kuuona moyoni mwake msiba wa bahari, wala hakuweza kuubadili. Alichoweza ni kuufunika pazia, kwa ajili ya mzee wake. Naye alipoulizwa habari za Bwana Paul, alimwandikia mchapishaji kwamba kila msomaji aamue mwenyewe. Hivyo kinachotukasirisha sisi ni heshima ya mtoto kwa baba.

Na tukumbuke aliyeiandika ni nani wakati ule. Kati ya Septemba 1848 na Mei 1849 alizika kaka yake na wadogo zake wawili, Emily na Anne, ambao wote watatu walikuwa waandishi. Alibaki na baba tu katika nyumba ya Haworth, kijiji cha mlimani kaskazini mwa Uingereza. Kwa miaka mingi pia alikuwa amebeba jambo jingine. Kule Brussels moyo wake ulimwelekea Bwana Heger, mwalimu wake, mtu mwenye mke na watoto. Aliporudi kwao alimwandikia barua za kuomba jibu, na majibu yakapungua hata yakakatika. Barua nne zimesalia. Baadhi zilichanwa na kisha zikaungwa, na mwaka 1913 watoto wa Heger wakazikabidhi kwenye jumba la makumbusho la taifa mjini London. Mwandishi aliyewahi kungoja posta namna hiyo alijua vyema anachokifanya alipomwacha msomaji wake akingoja meli.

Lakini lililotugusa zaidi ni kwamba maisha yenyewe yaliandika riwaya ya pili, ya mji mdogo na ya mahali pa kazi, mara tu ya kwanza ilipokamilika. Baba yake, kasisi wa Haworth, alikuwa na msaidizi aliyeitwa Arthur Bell Nicholls, ambaye alifika hapo mwaka 1845 na kuhudumu kimya kimya. Desemba 1852, wiki chache baada ya Villette kukamilika, Nicholls alimposa Charlotte. Mzee alighadhibika: msaidizi wa mshahara mdogo amtake binti yake aliyekuwa mashuhuri! Charlotte akakataa kwa kumridhisha baba. Nicholls akaondoka Haworth mwaka uliofuata. Kijijini watu walijua, na kanisani walimwona akishindwa kujizuia. Barua zikapita kwa siri kwanza, kisha kwa kumwambia mzee. Hatimaye mzee akalainika, na tarehe 29 Juni 1854 wakaoana. Hata hivyo usiku wa kuamkia siku hiyo mzee alisema hatahudhuria, na aliyemkabidhi bibi harusi ni mwalimu wake wa zamani, Margaret Wooler. Ndoa ilidumu miezi tisa. Charlotte alifariki tarehe 31 Machi 1855, akiwa na umri wa miaka 38. Nicholls, yule aliyekataliwa, alibaki katika nyumba ileile akimtunza mzee hadi mzee naye alipofariki mwaka 1861.

Tulipoyasoma hayo tulikaa kimya kwa muda, kwa sababu yalitukumbusha faili moja katika kabati la kamati yetu.

Tutalisema kwa kuwa mwenyewe ametupa ruhusa, bila jina. Miaka miwili na nusu iliyopita binti mmoja wa mtaa wetu alileta barua kwenye kamati. Alikuwa ameposwa na mwenzake wa kazini, kijana mwema, aliyepata mkataba wa mbali na kuondoka kwa ahadi ya kurudi kuoa. Barua za simu zilikuja, kisha zikapungua. Binti hakutaka kumshitaki mtu. Aliomba tu wazee wa pande mbili wakutanishwe, ajue kama anasubiri au hasubiri. Katika muhtasari wa kikao kile tuliandika kwa hati yetu: suala limeahirishwa. Katika kikao cha pili tukaandika hivyohivyo, kwa kuwa kulikuwa na ujenzi wa vyoo vya msikiti. Cha tatu, vilevile. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Kila mmoja alimwambia asubiri, kwa sauti ya upole.

Tumemkasirikia Charlotte Brontë kwa kutuacha usiku mmoja bila jibu. Binti huyu tumemwacha miaka miwili na nusu, na bado tulikuwa tukijihesabu miongoni mwa wasomaji walioonewa.

Kwa hiyo jibu letu kwa dada mwalimu ni hili. Kosa si lako, wala si la mwandishi. Kitabu kimekufanyia lile ambalo miji midogo huwafanyia mabinti wengi. Kimekuonjesha kusubiri ambako hakuna anayekubali kukutamkia mwisho wake. Hasira uliyoipata ni hasira njema, usiitupe. Iangalie ina mahali gani pengine pa kwenda.

Na kwa wazazi, mawalii na wajumbe wenzetu wa kamati, tuna maneno machache. Vijana wetu leo hukutana kazini: shuleni, zahanatini, dukani, ofisini. Kulifumbia macho hilo hakulizuii. Posa ikija, itajwe mbele ya watu wazima wa pande zote mbili. Anayesafiri aseme anarudi lini, na akishindwa kurudi aseme ameshindwa, kwa kuwa ahadi ni deni na aliyeahidiwa ana haki ya kuambiwa. Na anayekataa ndoa ya binti yake aitaje sababu yake waziwazi. Ikiwa ni mshahara wa kijana, aseme ni mshahara. Mzee Patrick alisema wazi, akakasirika wazi, na kwa kuwa alisema wazi palikuwa na njia ya kumlainisha. Wale watatu wa Villette walitabasamu, wakapanga safari ya meli.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, tulimwomba mwenyekiti ajenda ile irudishwe iwe ya kwanza, mbele ya vyoo na mbele ya zulia. Amekubali. Wazee wa upande wa kijana wamepigiwa simu, na tarehe ya kukutana imeandikwa. Hatujui watasema nini, na huenda lisiwe jibu la furaha. Lakini safari hii, mahali pa azimio, mkono wetu hautaandika neno lile tena.

Kitabu tumemrudishia mwenyewe. Ameomba tumpe kingine, chenye mwisho, na tunaendelea kukitafuta. Msomaji mwenye pendekezo atuletee msikitini baada ya Alasiri.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.